Wiki Moja ya Roki Ulaya: Kukaa London, Kufuata Bendi Moja Ujerumani, au Kupiga Kambi Wacken?

Shabiki wa muziki wa roki anayeishi Ulaya hana haja ya kuchagua sana, kwa kuwa anaweza kwenda tamasha moja mwezi huu na jingine mwezi ujao. Anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, akiwa na wiki moja tu ya likizo, hulazimika kuyabana yote katika siku saba, na hapo ndipo namna ya kuipanga wiki yenyewe inapokuwa jambo la kufikiriwa kabla hata ya majina ya bendi. Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni kukaa katika mji mmoja mkubwa na kubadilisha ukumbi kila jioni, na kwa roki mji huo ni London. Ya pili ni kuifuata bendi moja kutoka mji hadi mji, jambo ambalo Ujerumani inalirahisisha kwa kuwa ina miji mingi mikubwa iliyounganishwa kwa reli. Ya tatu ni kupiga kambi kwenye tamasha la siku kadhaa, na hapa nimelichukua la Wacken, kaskazini mwa Ujerumani, kuwa mfano. Nimezipitia zote kwa nyakati tofauti, na nina upande ninaouegemea, ambao sitauficha.

Masikio kwanza

Wengi hupanga wiki ya namna hii kwa kuangalia mfuko na kalenda, wakasahau kwamba mgao unaokwisha mapema kuliko yote ni ule wa masikio. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha usikilizaji salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki moja. Kipimo hicho ni cha wiki, si cha siku, na ndiyo maana kinamhusu moja kwa moja mtu anayetaka kuhudhuria matamasha kadhaa mfululizo. Kila sauti inapopanda kwa desibeli tatu, nishati yake huongezeka maradufu, na muda unaoruhusiwa hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambacho ndicho kiwango cha juu cha wastani ambacho shirika hilo lilikipendekeza mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha, zile saa 40 zinageuka kuwa dakika 24 hivi. Kwa maneno mengine, tamasha moja la saa mbili linamaliza mgao wa wiki tano.

Vizibo vya masikio hubadilisha hesabu hiyo, lakini haviifuti. Vile vya povu vya bei nafuu huzima zaidi sauti nyembamba kuliko nzito, hivyo gitaa na sauti ya mwimbaji hupotea na kubaki mvumo wa besi. Vile vyenye kichujio, vinavyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki na mashabiki, hupunguza sauti zote karibu kwa usawa. Tuchukulie kwamba vinapunguza desibeli 15: zile 100 zinakuwa 85, na mgao wa wiki unakuwa saa kumi na mbili na nusu. Tamasha la ukumbini, ukiijumlisha bendi inayotangulia, huchukua kama saa tatu. Matamasha manne yanaingia katika mgao huo, na la tano halina nafasi. Kwa hiyo ninapolinganisha njia hizi tatu, ninailinganisha kila moja na namba nne: je, inaniwezesha kupata usiku nne zilizo bora, na kupumzika usiku zilizobaki?

London: kitanda kimoja, kumbi nyingi

Nguvu kubwa ya London ni kwamba kumbi zake za ukubwa wa kati, zinazochukua kati ya watu elfu mbili na elfu tano, ziko kwenye njia za treni za chini ya ardhi. Mgeni analala kitanda kilekile wiki nzima, begi lake halihami, na kila jioni anaanza safari mahali palepale. Utaratibu wa jioni nao unatabirika. Kwa kawaida milango hufunguliwa saa moja, bendi inayotangulia hupanda jukwaani kabla ya saa mbili, bendi kuu huanza karibu saa tatu, na kufikia saa tano za usiku taa zimewashwa na watu wanatoka. Anayetegemea hadithi za roki za usiku kucha atavunjika moyo, lakini anayetaka kuamka akiwa na nguvu za jioni inayofuata atashukuru.

Ukumbi ninaouweka mbele ya vyote ni Brixton Academy, kusini mwa mji, kwenye kituo cha mwisho cha njia ya Victoria. Ulifunguliwa mwaka 1929 kuwa jumba la sinema, na kutokana na asili hiyo sakafu yake inateremka kuelekea jukwaani, kwa hiyo sisi tusio warefu tunaweza kusimama nyuma ya umati wa watu karibu elfu tano na bado tukaiona mikono ya mpiga gitaa. Ni wachache mno kati ya wajenzi wa kumbi za kisasa waliojifunza jambo hilo. Msomaji anayepanga kwenda huko ajue pia kwamba mnamo Desemba 2022 msongamano mlangoni uliwaua watu wawili, na ukumbi ukabaki umefungwa hadi Aprili 2024, uliporuhusiwa kufunguliwa tena kwa masharti mengi ya usalama, yakiwemo ya ukaguzi wa tiketi na upangaji wa umati. Fika mapema, uwe na tiketi yako tayari kwenye simu iliyochajiwa, na usiende kabisa kama huna tiketi kwa matumaini ya kuipata mlangoni.

Hammersmith Apollo, magharibi, una historia nzito zaidi na unakaribiana na Brixton kwa ukubwa. Ulijengwa mwaka 1932, na kwa miaka mingi ulijulikana kwa jina la Odeon. Hapo ndipo David Bowie alipotangaza jukwaani, tarehe 3 Julai 1973, kwamba hilo ndilo onesho lao la mwisho, akauacha ule uhusika wake wa kubuni wa Ziggy Stardust, na hapo ndipo Queen walipopiga usiku wa mkesha wa Krismasi wa mwaka 1975, onesho likarushwa na BBC, huku mwimbaji akiwa Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Msomaji wa Kiswahili anayekwenda huko kwa sababu hiyo peke yake hatakuwa wa kwanza. Jambo la kuangalia kabla ya kununua tiketi ni iwapo viti vya chini vimeondolewa usiku huo au la, kwa sababu ukumbi huu hupangwa kwa namna zote mbili, na tamasha la roki ambalo watu wote wameketi huwa limepoa hata bendi ikijitahidi vipi. Viti vikiwepo, chukua vya ghorofani; vikiwa vimeondolewa, shuka chini.

Roundhouse, kaskazini katika eneo la Camden, ni jengo la duara lililojengwa katika miaka ya 1840 kwa ajili ya kugeuzia vichwa vya treni. Uzuri wake ndio udhaifu wake: paa limebebwa na nguzo 24 za chuma, na aliyechelewa kufika husimama nje ya duara la nguzo hizo akilitazama jukwaa kwa vipande. Ukifika mlango unapofunguliwa, ukasimama ndani ya duara, ni ukumbi wa kukumbukwa. Ukifika saa tatu kasorobo, afadhali ungebaki Brixton. Mwendo mfupi kutoka hapo, mkabala na stesheni ya Camden Town, kuna Underworld, chumba cha chini ya baa kinachochukua watu wapatao mia tano, ambamo bendi za metali na panki, aina za roki kali, zinazoanza kupata jina hupiga karibu kila wiki. Kwenye mtaa wa Oxford, katikati ya mji, kuna 100 Club, mdogo zaidi ya huo, uliopokea tamasha la panki la Septemba 1976 ambalo wanahistoria wa muziki hawaachi kulitaja. Katika kumbi hizi ndogo tiketi ni nafuu, jasho ni la wote, na mpiga ngoma unamwona anapokosea. Ninashauri angalau usiku mmoja kati ya zile nne uwe wa ukumbi wa namna hii, hata kama jina la bendi hulijui.

Royal Albert Hall ninautaja kwa sababu maalumu. Ni jengo la mwaka 1871, la kifahari, lenye viti zaidi ya elfu tano, na kwa desturi si mahali ambapo ningempeleka shabiki wa roki kwanza: watu hukaa kwa adabu, na mwangwi wake ulikuwa tatizo sugu hadi mwaka 1969, walipoanza kutundika darini yale madude ya mviringo yanayofanana na uyoga ili kuutawanya. Lakini tangu mwaka 2000, shirika la hisani la Teenage Cancer Trust, linalowahudumia vijana wenye saratani, limekuwa likiandaa hapo mfululizo wa matamasha ya usiku kadhaa, kwa kawaida mwezi Machi, na kwa miaka mingi aliyeusimamia alikuwa Roger Daltrey, mwimbaji wa The Who. Mtu anayeweza kuchagua wiki yake mwenyewe, na ambaye hapendi kuhangaika na ramani, anaweza kuipanga safari nzima kuuzunguka mfululizo huo, akaongeza usiku mmoja Brixton au Camden ili asirudi nyumbani akidhani roki ni muziki wa kuketi.

Kuhusu kumbi kubwa kabisa nina machache ya kusema. O2 Arena, wenye nafasi ya watu elfu ishirini, na uwanja wa Wembley, wenye viti elfu tisini, zinafaa tu kwa bendi ambayo haipigi tena mahali padogo na ambayo umeipenda tangu utotoni. Kwa tiketi moja ya huko, ya kiti cha juu ambapo utaitazama skrini zaidi ya wanamuziki, mara nyingi unapata jioni mbili za ukumbi wa kati. Pia begi lolote linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4 halipiti mlangoni O2, na kumbi nyingine nyingi zina kanuni hiyohiyo, kwa hiyo mkoba wa mgongoni ubaki nyumbani.

Usafiri wa kurudi unahitaji kuangaliwa siku kwa siku. Katikati ya wiki treni za chini ya ardhi huendelea hadi baada ya saa sita za usiku, na anayetoka ukumbini saa tano hana wasiwasi. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi njia tano huenda kucha, zikiwemo Victoria inayofika Brixton, Northern inayofika Camden, Piccadilly inayopita Hammersmith na Jubilee inayofika O2. Jumapili huduma hukoma mapema kuliko siku nyingine. Ugumu hujitokeza kwa mgeni anayefikia kwa ndugu nje ya mji, kwa mfano Luton, au Reading ambako Watanzania si wachache: kitanda cha bure kinachodai saa nzima ya treni kila usiku, na kuwaamsha wenyeji kila unaporudi, kinaweza kugeuka ghali kwa namna yake. Afadhali kulala kwa ndugu siku za mapumziko, na kutafuta hosteli karibu na Camden au Brixton kwa zile usiku za tamasha.

Udhaifu wa London ni mmoja, nao ni mkubwa: wewe unachagua mji, lakini kalenda ndiyo inayochagua bendi. Katika wiki ya Oktoba, Novemba, Februari au Machi utakuta zaidi ya unavyoweza kuhudhuria. Mwishoni mwa Julai na katika Agosti bendi nyingi ziko kwenye matamasha ya wazi, na kumbi hupoa. Aliye na mapenzi ya bendi moja tu huenda akazunguka kumbi zote hizi bila kuiona.

Kufuata bendi moja: swali la orodha ya nyimbo

Kwa mtu huyo wa bendi moja, njia ya pili inaonekana kuwa ndiyo yake. Kabla hajakata tiketi ya treni, ajiulize jambo moja: je, bendi hiyo hubadilisha nyimbo kila usiku? Rammstein, ambao moto na mitambo yao hupangwa kwa sekunde, hupiga karibu orodha ileile katika ziara nzima, na Iron Maiden nao ni hivyohivyo. Kuwaona mara moja ni tukio. Kuwaona mara ya pili kuna faida yake, kwa kuwa macho hayaduwazwi tena na jukwaa, yanaanza kuona kazi: nani anampa ishara nani, wapi mwimbaji anaokoa pumzi, wimbo upi bendi yenyewe inaufurahia. Kuwaona mara ya nne katika wiki moja, kwa maoni yangu, ni kujilipisha kwa mazoea.

Kwa upande mwingine zipo bendi ambazo kufuatwa ndiko kunakozifaa. Pearl Jam hubadilisha orodha kila usiku, na tangu mwaka 2000 wamekuwa wakitoa rasmi rekodi za matamasha yao kwa sababu hiyohiyo. Bruce Springsteen anajulikana kwa kupokea maombi kutoka kwenye umati na kupiga karibu saa tatu. King Gizzard & the Lizard Wizard, Waaustralia wenye albamu zaidi ya ishirini, wanaweza kupiga usiku mfululizo bila kurudia sana nyimbo za jana. Metallica wao, katika ziara waliyoianza Amsterdam mnamo Aprili 2023, waliligeuza jambo hili kuwa kanuni: katika miji mingi walipiga usiku mbili, kwa kawaida Ijumaa na Jumapili, bila kurudia wimbo hata mmoja na kwa bendi tofauti zinazotangulia. Mpango huo, wenye siku ya kupumzika katikati, ni rafiki wa masikio na miguu kuliko ratiba yoyote niliyoiona, na mtu hahitaji kuhama mji.

Anayehama atashughulika na reli ya Ujerumani, ambayo sifa zake na aibu zake zote ni za kweli. Treni za kasi huunganisha Köln na Frankfurt kwa zaidi kidogo ya saa moja, Berlin na München kwa kama saa nne, Hamburg na Köln kwa kama saa nne pia. Hata hivyo mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu zilizofika kwa wakati, na kwa hesabu ya reli hiyo kuchelewa chini ya dakika sita hakuhesabiwi kuwa kuchelewa. Tiketi ya bei nafuu inakufunga kwenye treni moja, isipokuwa ikitarajiwa kwamba utafika mwisho wa safari ukiwa umechelewa kwa dakika 20 au zaidi, ambapo unaruhusiwa kupanda treni nyingine. Ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ambayo bei yake tangu Januari 2026 ni yuro 63, haipandi treni za kasi. Kwa treni za mikoa safari ya saa nne inakuwa ya siku nzima, na ukifika ukumbini umechoka kabla gitaa halijaungwa.

Yapo mazuri yanayofidia. Kumbi za Ujerumani za ukubwa wa kati ni nzuri na zina tabia zake: Palladium ya Köln ni jengo la kiwanda cha zamani, Columbiahalle ya Berlin ilikuwa ukumbi wa michezo wa wanajeshi wa Marekani karibu na uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof, na Große Freiheit 36 ya Hamburg iko juu ya Kaiserkeller, ambamo The Beatles walipiga mwaka 1960 kabla dunia haijawajua. Kisha kuna kuonana na nyuso zilezile mstari wa mbele mjini hadi mjini, jambo ambalo London haikupi. Lakini kila siku ya kuhama ina mzigo wa kuutafutia kabati stesheni, chumba kipya cha kulala na njia mpya ya kurudi usiku, na usingizi ndio unaokatwa ili yote hayo yaenee. Bendi yenyewe husafiri ikiwa imelala ndani ya basi lenye vitanda, wewe hulali.

Wacken: bendi nyingi kwa siku chache

Wacken ni kijiji cha watu wapatao elfu mbili katika jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Hamburg. Tangu mwaka 1990 kimekuwa na tamasha la metali ambalo sasa huwakusanya watu 85,000 hivi kati ya Jumatano na Jumamosi, mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Kwa anayehesabu bendi, hakuna njia inayoikaribia hii: majukwaa mawili makuu yako bega kwa bega na hupokezana, moja likipiga huku lingine likiandaliwa, na kwa siku moja mtu anaweza kusikia bendi zaidi ya zile ambazo London ingempa kwa wiki nzima. Mwaka 2017 walizika hadi mabomba ya kupeleka bia kutoka mahali pa kuhifadhia hadi kwenye baa, jambo lisilomhusu kila msomaji wetu lakini linaloonesha uzito wa maandalizi.

Idadi hiyo ina gharama yake. Bendi nyingi hupewa dakika 45 hadi 75, kwa hiyo unasikia nyimbo zinazojulikana na kukosa zile ambazo shabiki wa kweli alizifuata. Usingizi ni wa ndani ya hema, na majirani huanza muziki wao wenyewe ule wa jukwaani unapoisha. Na juu ya yote ni tope. Mwaka 2023 mvua ziliyageuza mashamba kuwa dimbwi kiasi kwamba waandaaji walisimamisha uingiaji wakati watu kama 50,000 wamekwisha fika, na maelfu waliokuwa na tiketi halali wakageuzwa njiani wakiwa kwenye magari yao. Walirudishiwa fedha za tiketi, lakini mtu aliyeruka kutoka Nairobi kwa ajili hiyo tu angekuwa amebaki na tiketi ya ndege na viatu vya mvua.

Kwa masikio, hata hivyo, tamasha la wazi si baya kama inavyodhaniwa, mradi mtu ajitawale. Kiwango kinachofuatwa Ujerumani hakiruhusu wastani wa kuzidi desibeli 99 katika nusu saa, na kipimo hicho ni cha sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote ambayo watazamaji wanaweza kufika. Nje hakuna kuta za kurudisha sauti, kwa hiyo ukirudi nyuma inapungua kweli. Anayesimama mbele kwa bendi mbili kwa siku, akatazama nyingine kutoka mbali na kwenda kula mbali na spika, anaweza kubaki ndani ya mgao wake. Anayebaki mbele saa nane kwa siku, siku nne mfululizo, ameuvuka mgao hata akiwa na vizibo vizuri, na ataupata ujumbe huo kwa mlio wa masikio kwenye ndege ya kurudi.

Ninampendekezea Wacken mtu anayekwenda na marafiki, anayependa metali ya kila aina badala ya bendi fulani, na ambaye kulala chini si adhabu kwake. Umati wake ni wa upole kuliko unavyoonekana kwa nguo zake nyeusi, na mtu aliyezoea kuwa peke yake na muziki huu nyumbani atashangaa kukaa siku nne mahali ambapo hakuna anayemuuliza kwa nini anaupenda.

Viza, fedha na utaratibu wa kununua

Viza inaweza kukata shauri kabla ya muziki. Viza ya Uingereza haikuingizi Ujerumani, wala ya Schengen haikuingizi Uingereza, kwa hiyo kuchanganya London na Köln katika wiki moja kunamaanisha maombi mawili na ada mbili. Maombi ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, hupokewa mapema zaidi miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Ya Uingereza hupokewa miezi mitatu kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua kama wiki tatu. Raia wa Oman ana nafuu kubwa upande wa Uingereza, kwani tangu mwaka 2024 kinachotakiwa kwake ni idhini ya kielektroniki tu.

Hapa njia tatu zinatofautiana sana kwa hatari. Tiketi za Wacken, zinazozidi yuro 300 pamoja na nafasi ya kupigia hema, huanza kuuzwa karibu mwaka mzima kabla, wakati huwezi hata kuomba viza. Tiketi za ziara kubwa nazo hutangulia kwa miezi mingi. Za kumbi za kati za London, ambazo mara nyingi ni kati ya pauni 30 na 60, hupatikana hata wiki chache kabla, na zilizokwisha hurudi sokoni kwa bei ya awali kupitia huduma kama Twickets, ambapo mashabiki huuziana bila faida, hasa siku mbili za mwisho kabla ya onesho. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anaweza basi kupata viza kwanza na kununua tiketi baadaye, na kwangu hilo peke yake lingetosha kuipa London nafasi ya kwanza hata kama kumbi zake zingekuwa za kawaida.

Kwa anayeitamani kambi lakini ana viza ya Uingereza tu, lipo tamasha la Download, linalofanyika mwezi Juni huko Donington Park, katikati ya Uingereza, mahali palepale palipokuwa na Monsters of Rock kuanzia mwaka 1980. Bendi zinazovuka bahari kwa ajili yake mara nyingi hupiga pia ukumbi mmoja wa London katika siku zinazotangulia au zinazofuata, na matangazo ya maonesho hayo hutoka baada ya orodha ya tamasha lenyewe kujulikana. Mpango unaowezekana ni kufika kambini Ijumaa, kusimama mbele Ijumaa na Jumapili na kuitazama Jumamosi kutoka nyuma, kuiacha Jumatatu kwa ajili ya kufua nguo na kulala, kisha kuchukua ukumbi mmoja Jumanne na mwingine Alhamisi. Na ikiwa ule wa Alhamisi ni Roundhouse, kuwa mlangoni saa moja kasorobo.